Samaki Wanakosa Pumzi: Joto Linavyomaliza Oksijeni Majini

Ebu fikiria hivi. Umenunua soda baridi, ukaiacha juani ukipiga stori na mabeshte. Ukirudi, gesi imeisha, umebaki na maji ya sukari. Hiyo ndiyo shida inayokumba bahari sasa hivi, ila gesi inayotoroka huko ni oksijeni, na wanaoihitaji ni samaki.

Hesabu yake ni rahisi. Maji baridi ya nyuzi 20 hubeba karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, hubeba kama 7.5 tu, na yakiwa na chumvi hupungua zaidi. Ikishuka chini ya 2, samaki wengi hutoka mbio. Kaa na chaza watakimbilia wapi? Hao imeenda.

Lakini joto halifanyi kazi peke yake. Cheki Marekani. Mto Mississippi humwaga mbolea ya mashamba kwenye Ghuba ya Mexico. Mbolea inalisha mwani, mwani unakufa na kuzama, halafu bakteria wanaoula wanamaliza oksijeni yote ya chini. Maji ya juu, kwa sababu yana joto, ni mepesi. Yanaelea kama mafuta kwenye supu, na hewa inakosa njia ya kushuka. Mwaka wa 2017 eneo hilo lilipita kilomita mraba 22,000. Upande wote wa Kenya wa Ziwa Victoria ni kama 4,100. Wueh!

Na usiseme hayo ni mambo ya ng'ambo. Ziwa Victoria si bahari, sawa, lakini mchezo ni ule ule. Mto Nyando unapita kwenye miwa na mpunga kabla ya kuingia Ghuba ya Winam, na mvua kubwa ikinyesha unabeba udongo, mbolea na uchafu wote. Halafu huko ndani ziwani, maji ya chini kabisa hukosa oksijeni miezi kadhaa kila mwaka. Upepo mkali ukivuma, maji hayo yanaweza kupanda juu na kusukumwa hadi ufukweni.

Samaki aliye huru atahepa. Wa kizimbani je? Mwishoni mwa 2022, samaki wengi wa vizimba walikufa upande wa Kisumu, na upungufu wa oksijeni ukatajwa kuwa chanzo. Watu wakiona mizoga inaelea huwaza sumu kwanza, na siwalaumu, maanake ukosefu wa hewa hauonekani kwa macho. Shida ni kwamba ukimsaka mtu wa kulaumu, unasahau kuuliza kwa nini vizimba vimejazana kwenye maji ya kina kifupi, karibu na mdomo wa mto. Kwangu mimi hilo ndilo swali, kwa sababu joto litazidi kupanda na ziwa halitapoa kesho.

Kama wewe ni hasla unayepanga kuweka ganji yako kwenye vizimba, nunua kipima oksijeni kabla ya kununua vifaranga. Na upime alfajiri, si saa sita. Usiku mwani hautoi oksijeni, unaivuta tu kama samaki, kwa hivyo kiwango huwa chini kabisa kabla jua halijachomoza. Ukipata samaki wako wako juu wanapigapiga midomo hewani saa hiyo, usiwarushie chakula. Hawana njaa, boss. Wanatafuta pumzi.