UKURASA WA VIJANA: Mipira Igusane

Vijana wetu wanashutumiana kwa hila mezani pa puli, na wapo walioacha kusemezana: mipira yapigwa, haitawanyiki. Kabla ya kumtuhumu aliyeipanga, tuikague meza. Mipira 15 isipogusana barabara, hata mwanya mwembamba kama karatasi huipunguza nguvu ya pigo. Aghalabu mkosaji ni kitambaa: kwa miaka mingi kimechimbika vishimo mahali pa kupangia, na kila mpira hupenda kurudi shimoni mwake. Twashauri mipira ifutwe unga wa chaki, vidole viisukume mbele safu ya nyuma yenye mipira 5, ndipo pembetatu inyanyuliwe taratibu. Mwanya ukibaki, ipangwe upya. Mpinzani akiinama kukagua, asinuniwe. Ni haki yake.