Mashini inakatala wifi, na mushahara je?

Tangu kampuni fulani za madini zianze kuweka karatasi ya mushahara na maombi ya konji ndani ya intaneti, sisi wa sendika tunapokea malalamiko mapya. Mutu anatoka posti ya usiku, anafungua mashini yake nyumbani, wifi inakatala. Siku za kudai saa za ziada zinapita. Kisha wanamuambia: kosa ni lako, karatasi ilikuwa pale.

Hapana, hatukubali. Lakini mbele ya kusema na bakubwa, tusemezane kwanza sisi wenyewe, juu batu wengi wanakimbilia fundi. Fundi anakula feza, anafuta yote ndani ya mashini, picha za familia na barua za kazi zinapotea. Na mara mingi shida ilikuwa ndogo.

Kamata telefone. Kama nayo inashika wifi lakini haifungui kitu, acha mashini, haina kosa: angalia kama mega zimeisha, ao zima modemu dakika moja, uwashe tena. Ile alama ya wifi yenye kujaa inasema tu kwamba mashini inasikia modemu. Haisemi kama modemu iko na intaneti. Kama telefone inatumika muzuri, basi ugonjwa uko ndani ya mashini. Tazama kama mode avion haikuwashwa. Batoto wakichezea klaviye, inawaka bila mutu kujua.

Adui mukubwa kwetu ni klaviye yenyewe. Mashini nyingi za mitumba zinaingia kupitia Kasumbalesa, herufi zao zimepangwa kwa Kiingereza. Kisha mutu anaweka Windows ya Kifaransa. Unabonyeza A, inatoka Q. Unabonyeza W, inatoka Z. Tarakimu za juu zinatoa alama zingine mpaka ushikilie Shift. Na neno la siri linaonyesha vitone tu! Utaandika mara kumi, utaapa kama modemu imelogwa. Bonyeza alama ya jicho pembeni, njo utaona kweli unaandika nini.

Kuna tarehe pia. Mashini ya zamani ikizimika na betri yake ndogo ya ndani imekufa, inarudi nyuma miaka. Wifi inashika, lakini kurasa zenye kufuli zinakatala. Rekebisha tarehe, zitafunguka.

Hayo tunayaweza. Lakini mashini, modemu, mega, njo nani analipa? Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka mwajiri ampe mufanyakazi hesabu ya mushahara wake kwa maandishi. Kumupa si kumutuma aende kuitafuta kwa feza yake. Na mujane je, mwenye kutafuta hesabu ya mwisho ya bwana yake, na neno la siri bwana alienda nalo kaburini?

Tunaomba hivi: anayetaka karatasi aipate ku biro ya mushahara, bila kuulizwa juu ya nini. Pa mulango wa pwentaji kuwe ordinatere moja na empirimante, na mutu wa kusaidia. Na siku za kudai zihesabiwe tangu mufanyakazi alipoona hesabu yake kwa macho, si tangu ilipowekwa ndani ya intaneti. Madelege wataweka hayo mezani ku mukutano unaokuja na bakubwa wa kazi. Wale wenye walikatwa siku za konji ao saa za ziada juu ya wifi, leteni majina kwa delege wenu mbele ya siku hiyo.