Gazeti la Ukutani Lisiwe Pambo

Kila wakati wa mazoezi ya kufundisha hutokea walimu wanachuo wanaoanzisha gazeti la ukutani. Huchora kichwa kizuri kwa kalamu za rangi, hubandika insha tano au sita zenye mwandiko wa kupendeza, na mkaguzi apitapo hulisifu. Baada ya miezi miwili karatasi zimegeuka manjano, pembe zimejikunja, na habari ni zile zile. Gazeti la namna hiyo ni pambo, na pambo halimfundishi mtoto kuandika. Katika makala haya twakusudia kueleza ni nini hulipa uhai gazeti la shule, na ni upi wajibu wa mwalimu juu yake.

Jambo lenyewe si geni katika mwambao wetu. Mwaka 1888, huko Kiungani, Unguja, wanafunzi wa chuo cha misheni walianza kutoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Mwaka 1904 shule ya serikali ya Tanga nayo ikaanza kutoa Kiongozi. Kwa hiyo baadhi ya magazeti ya kwanza kabisa ya lugha yetu yalizaliwa shuleni. Msimulizi lilisomwa na wenzao waliotawanyika katika vituo vya Unguja na bara, ambao walitamani kujua mambo ya wenzao. Huko Ufaransa, katika miaka ya 1920, mwalimu wa kijijini Célestin Freinet aliweka mtambo mdogo wa kupigia chapa ndani ya darasa lake. Watoto wakachapa maneno yao wenyewe, wakayapeleka kwa watoto wa shule nyingine ya mbali, nao wakaletewa yao. Fundisho ni moja: mtoto huandika vizuri anapomjua msomaji wake, na anapokuwa na habari ambayo msomaji huyo hanayo.

Basi sifa ya kwanza ya gazeti jema ni kwamba habari iwe ya mwandishi mwenyewe. Mtoto wa Bagamoyo akiambiwa aandike juu ya mji wake, aghalabu ataanza, "Bagamoyo ni mji wa kihistoria," kisha atanakili kitabu. Lakini mwulize aliyoyaona jana, naye ataandika, "Mashua ya babu haikushushwa majini kwa sababu ubao mmoja haujatiwa kalafati." Sentensi hii ya pili ina mtu, ina kazi, ina sababu. Mnada wa samaki huendeshwaje? Kwa nini fungu la dagaa limepanda bei wiki hii? Wazee wa Kaole husimulia nini juu ya magofu yaliyo jirani nao? Hayo ndiyo mambo ya kuandikwa, na mtoto ndiye mtaalamu wake.

Sifa ya pili ni upya. Siku ya kubadili gazeti ijulikane, tuseme kila Jumatatu, na habari zisizidi mistari kumi. Ya tatu ni majibu. Iachwe nafasi ambapo msomaji, awe mwanafunzi, mzazi au mpishi wa shule, ataandika swali, na mwandishi amjibu. Shule ya Kunduchi, iliyomezwa na jiji, yaweza kubadilishana karatasi na shule ya Saadani, iliyopakana na hifadhi ya wanyama. Bahari ni ile ile, lakini maisha ni mbali mbali, na kila upande una la kuuliza.

Kuhusu makosa ya lugha, mwalimu akae na mwandishi, wasahihishe pamoja makosa mawili au matatu yanayopoteza maana. Asiiandike upya habari yote. Mtoto akiona maneno ya mwalimu chini ya jina lake hujua kwamba yake hayakufaa.

Sifa ya nne ndiyo ngumu, nayo ni ukweli. Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Tulipokuwa tukifundisha katika shule moja ya mwambao, msichana wa Darasa la Tano aliandika mistari minne. Alisema kwamba tangi la maji la shule limevuja kwa wiki tatu, kwamba wasichana ndio wanaotumwa kisimani wakati wa kipindi cha kwanza, na kwa hiyo hawajui Hesabu zilizofundishwa. Tulichunguza, tukaona ni kweli tupu. Lakini mkaguzi alikuwa anakuja Jumatano, nasi jioni ya Jumanne tukaibandua karatasi ile. Hakuna mtoto aliyetuuliza. Wiki iliyofuata tuliletewa habari kumi na mbili, na zote zilisifu usafi wa shule. Hapo ndipo tulipotambua tumefundisha somo gani.

Ilitupasa kufanya nini? Ilitupasa kumwonyesha Mwalimu Mkuu karatasi ile siku ile ile, kisha tubandike jibu lake kando yake: tangi litatengenezwa lini, na zamu ya maji itagawanywaje kati ya wavulana na wasichana. Mtoto angejifunza kwamba maneno yaliyopimwa vizuri huleta tengenezo.

Hatusemi kila neno libandikwe. Siri za nyumbani, ugonjwa wa mtu na aibu ya mwanafunzi mwenzake si habari za ukutani. Kabla ya kubandika, mwalimu na waandishi wake wajiulize maswali matatu. Je, ni kweli? Nani amehakikisha? Je, yamdhalilisha mtu asiyeweza kujitetea? Habari iliyovuka maswali hayo isibanduliwe kwa sababu tu inatuudhi sisi wakubwa.

Ndugu walimu wanachuo, kazi hii haihitaji umeme wala fedha nyingi. Yatosha karatasi ya manila, gundi na ukuta usionyeshewa mvua. Kinachohitajika zaidi ni mwalimu aliye tayari kusoma ukutani jambo ambalo hakulipenda, akaliacha pale pale, na kwenda kulishughulikia.