Ua la Vinka na Nauli ya Kisumu

SAUTI YA ZIWANI
Na Atieno Ogweno

Mtoto wa Karungu, huku kwetu ziwani, akivimba taya, watu wa nyumbani hufikiria jino kwanza. Anasukutua kwa maji ya chumvi, jino lililolegea linang'olewa, na kuna wanaomchanja kwa wembe. Baada ya wiki chache uvimbe umepanda hadi jichoni. Mara nyingi hiyo ni limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto iliyopewa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliyeieleza mwaka 1958. Inahusishwa na virusi vya Epstein-Barr na malaria ya mara kwa mara, ndiyo maana inawaandama watoto wa ukanda huu wa ziwa. Uvimbe wake unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili.

Sehemu ya dawa yake inatoka kwenye ua tunalolijua. Ni vinka, kile kiua cha waridi au cheupe chenye petali tano, kinachopandwa mbele ya nyumba kwa sababu kinavumilia jua. Asili yake ni Madagaska. Miaka ya 1950 Robert Noble na Charles Beer, watafiti wa Kanada, waliyapima majani yake baada ya kusikia kwamba huko Jamaika majani hayo huchemshwa kutibu kisukari. Sukari ya panya wao haikushuka. Zilizoshuka ni seli nyeupe za damu. Kwenye mmea huo zikapatikana vinblastini na vinkristini, na vinkristini ikaidhinishwa Marekani mwaka 1963. Hadi leo ni miongoni mwa dawa anazotundikiwa mtoto wa Burkitt.

Ndiyo maana naumia nikiona sokoni mtungi wa lita tano wa maji ya mizizi umebandikwa karatasi: presha, sukari, saratani. Siidharau miti yetu. Roko na yago, miti ya dawa ya huku, ina heshima yake, na wazee wanaoijua wanajua mengi. Lakini tani nzima ya majani makavu ya vinka hutoa gramu chache tu za vinkristini, na dozi moja ya mtu mzima kwa kawaida haivuki miligramu 2. Inapitishwa kwenye mshipa wa damu tu. Ikiingizwa kimakosa kwenye uti wa mgongo, inaua. Nani atakipima kipimo hicho kwa kikombe? Na anayechemsha majani ya vinka ampe mtoto anampa sumu asiyojua nguvu yake.

Kenya ina ushahidi wake mwingine. Miaka ya 1970 mti wa jamii ya Maytenus ulivunwa kwa tani Shimba Hills, Kwale, ukapelekwa Marekani kutafutiwa maitansini, kemikali iliyotarajiwa kutibu saratani. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa iliwadhuru kupita kiasi, ikawekwa kando. Miongo kadhaa ilipita kabla ya wanasayansi kufunga kemikali ya ukoo huo kwenye kingamwili inayoifikisha kwenye seli za saratani ya matiti, na dawa hiyo ikaidhinishwa mwaka 2013. Kwa hiyo nikisoma kwamba mti fulani wa Nyanza umeua seli za saratani maabarani, nafurahi, ila sikimbilii sufuria.

Lakini hasara nyingine kubwa kwa mtoto wa Burkitt huja dawa inapofanya kazi. Baada ya dozi ya kwanza uvimbe hunywea ndani ya siku chache. Taya linarudi hali yake, mtoto anaomba ugali na omena, mama anamshukuru Mungu. Nyumbani kuna watoto wengine, na pesa zimekwisha. Wanarudi Karungu. Mizunguko ya dawa iliyobaki haifanyiki, na uvimbe ukirudi huwa mgumu kutibu kuliko mwanzo. Huyo mama si mjinga. Hana nauli ya kurudi Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu, wala mahali pa kulala akifika.

Basi kaunti za Migori na Homa Bay ziweke kwenye bajeti nauli, chakula na malazi ya mama na mtoto hadi mzunguko wa mwisho. Mhudumu wa afya wa kijiji apewe jina la kila mtoto aliyeanza dawa za saratani, amfuate mlangoni siku ya kurudi ikipita. Watoto hawa si wengi kiasi cha kufilisi kaunti.

Na wewe muuza mitishamba wa Sori, ambaye mama anakujia kabla ya daktari kwa sababu anakuamini: ukiletewa mtoto aliyevimba taya au tumbo kwa siku chache, usimuuzie mtungi. Mpeleke Hospitali ya Misheni ya St. Camillus, hapo hapo Karungu, siku hiyo hiyo.