Ardhi Yetu Nayo Hutikisika

Usiku wa Jumatano, tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la kipimo cha 6 lilizuka chini ya bahari, kusini-mashariki ya Dar es Salaam, na likasikika mpaka Unguja. Hata hivyo wapo wangali wakisema kuwa visiwa haviguswi na mambo haya. Kauli hiyo haina msingi.

Dunia si jiwe moja gumu. Tunalolikanyaga ni ganda tu, ambalo chini ya bara lina unene wa kilomita 30 hadi 50, na chini ya bahari kilomita 7 hivi. Chini yake kuna tabaka la mwamba wa moto hadi kina cha kilomita 2,900. Kisha kiini cha chuma, ambacho nje kimeyeyuka na ndani ni kigumu. Hakuna mwanadamu aliyefika huko. Wataalamu wameyajua hayo kwa kuifuatilia mitikisiko ipitavyo ardhini, mfano wa tabibu agongaye kifua cha mgonjwa na kusikiliza. Ganda hilo limepasuka mapande yanayosogea polepole mno. Yakikwamana, nguvu hujilimbikiza miaka na miaka, hata mwamba ukatike ghafla. Afrika ya Mashariki yenyewe inaachana na bara, na nyufa zake zimefika mpaka baharini kwetu.

Siku na saa ya tetemeko hakuna awezaye kuitabiri, na anayedai anaweza apuuzwe. Mawimbi ya bahari ni habari nyingine. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la Sumatra lilisukuma maji yaliyochukua saa kadhaa kuvuka Bahari ya Hindi, nayo yakaua watu Somalia, Kenya na Tanzania. Saa hizo zilitosha kumwondoa kila mtu ufukweni.

Kwa hiyo tunawauliza wakuu wa Serikali: onyo likifika ofisini alasiri ya sikukuu, nani atalipeleka kwa sheha, na sheha atawaitaje wavuvi na watoto waogeleao? Tunataka jibu lililoandikwa, na lijaribiwe. Aidha, majumba ya mawe na chokaa ya Mji Mkongwe yakaguliwe sasa. Beit al-Ajaib iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, ikaua watu wawili, wala haikungoja tetemeko. Na walimu wawafunze watoto kwamba bahari ikikupwa ghafla, wakati usio wake, wasishuke kuokota samaki, wakimbilie mlimani.