Hakuna Ubavu Uliopotea

Maneno "ubavu wangu" yamekuwa mepesi mno vinywani mwetu wanafunzi. Mtu akipendwa wiki mbili, amepata ubavu wake. Akiachwa, kumbe haukuwa wake, na msako unaanza upya. Mimi naipinga imani hii kwamba kila mmoja wetu ameumbiwa mwenzi mmoja tu tangu azali, na kwamba kazi yetu ni kumtafuta. Inatunyima akili pale tunapoihitaji zaidi.

Watetezi wake huuliza: mbona mataifa mengi yana hadithi ya namna hiyo? Yawezekanaje yote yakosee? Swali ni zuri. Basi na tuzisome hizo hadithi hadi mwisho, kwa maana wengi huishia katikati.

Tuanze na Wagiriki. Katika Karamu, kitabu cha Plato, inasimuliwa kwamba binadamu wa kale walikuwa mviringo, wenye mikono minne, miguu minne na nyuso mbili. Wakaishambulia miungu, na Zeus akawapasua vipande viwili. Tangu hapo kila kipande kinatafuta chenzake. Hadithi tamu! Lakini Plato amemtwisha nani kuisimulia? Aristophanes, mtunzi wa tamthilia za kuchekesha. Baadaye katika kitabu hichohicho Socrates anaeleza mafunzo aliyopewa na Diotima, naye anaikataa hoja ya nusu: mtu hukubali kukatwa hata mkono au mguu wake mwenyewe akiona umeharibika. Kinachopendwa ni chema, hata kama hakikuwa sehemu yako.

Twende China. Hadithi ya enzi ya Tang inamtaja Wei Gu, aliyemkuta mzee akisoma kitabu kwa mwanga wa mwezi. Mzee huyo alikuwa na nyuzi nyekundu za kufunga miguu ya mume na mke watarajiwa. Alimwonyesha Wei Gu mkewe wa baadaye: mtoto wa miaka mitatu, mikononi mwa bibi muuza mboga. Wei Gu alichukizwa, akamtuma mtumishi amuue kwa kisu. Mtoto alichomwa kati ya nyusi lakini akapona. Miaka 14 baadaye Wei Gu akaoa, na mkewe alikuwa na kovu pale pale. Wasomaji wengi hushangilia nguvu ya uzi. Mimi namtazama yule msichana. Uzi umemfunga kwa mtu aliyeagiza auawe, na hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Hilo si jambo la China ya kale tu. Nimemsikia msichana wa hosteli yetu, jicho limevimba, akisema, "Nitafanyaje? Ndiye niliyeandikiwa." Uzi ni uleule.

Wayahudi nao wana mapokeo katika Talmud kwamba siku 40 kabla ya mimba kuumbika, sauti ya mbinguni hutangaza binti wa fulani ataolewa na fulani. Lakini papo hapo pana kauli nyingine, kwamba mtu hupewa mke kulingana na matendo yake. Wakaafikiana kwamba tangazo la mbinguni linahusu ndoa ya kwanza, na matendo ndoa ya pili. Hata wao hawakuyaacha yote mikononi mwa sauti. Na huo ubavu wa kitabu cha Mwanzo? Ulitwaliwa kwa Adamu. Hakuna aya inayosema kila mwanamume ana wake unaozurura mjini akiutafuta.

Kwetu Buganda wazee hawakungoja nyota. Walimtegemea ssenga, yaani shangazi, aliyetaka kujua: ni wa ukoo gani, maana kuoana na mtu wa ukoo wako au wa mama yako ni mwiko, ametoka nyumba ya watu gani, tabia yake ikoje? Sisi wasomi tunamcheka ssenga kwa udadisi wake, kisha tunamkabidhi mtu maisha yetu kwa sababu moyo ulidunda tulipomwona maktabani.

Wapo watakaosema napinga kudra ya Mungu. La hasha. Mkulima anaamini kwamba mvua hutoka kwa Mungu, lakini mbegu huchagua mwenyewe, na magugu hayaiti majaliwa. Anang'oa.

Imani hii inawaumiza hata waliopata wenzi wema. Ugomvi mdogo ukizuka, mmoja husema, "Angekuwa wangu kweli, tusingegombana," akaondoka. Hivyo anayepigwa anabaki na anayependwa anakimbiwa, wote kwa sababu ya hadithi moja.

Wenzangu, anayetaka ndoa na afanye kazi ya ssenga: amuulize mwenzake maswali, achunguze matendo yake, asikilize wanaomfahamu. Akiona kisu, asitafute maana yake katika nyota. Aondoke.