Chuo Kisiwe Kigumu Kuliko Sheria

Mzazi ampelekaye mwanawe chuoni hukabidhi amana iliyo azizi kuliko ada anayolipa, na kila mwenye insafu atakiri kwamba amana hiyo haiishii darasani, bali humfuata mwanafunzi bwenini, maktabani na katika njia ya usiku atokapo kujisomea. Ikiwa mwili wake utaingiliwa kwa nguvu na mtu mwovu, awe mwanafunzi mwenziwe, mwalimu au mpita njia, faradhi ya chuo haipungui kwa sababu jambo lenyewe ni zito kutajwa, huzidi.

Waliokuwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1990 wanakumbuka jinsi msichana wa mwaka wa kwanza alivyojitoa uhai mwezi wa Februari, baada ya kuandamwa na kudhalilishwa na wanafunzi wa kiume waliojisitiri nyuma ya jina la Mzee Punch, mtindo wa kuwadhihaki wenzao bila kujitambulisha. Mtindo huo ulipigwa marufuku baada ya msiba. Marufuku ilikuwa ya haki, lakini aliyeihitaji zaidi hakuwapo tena kuifaidi. Na funzo lake ni kwamba hifadhi isiyotayarishwa kabla ya dhuluma ni nadra kumfikia mdhulumiwa kwa wakati.

Kinachomchelewesha manusura mara nyingi si umbali wa hospitali, bali ni maswali. Kwa nini ulikwenda chumbani kwake? Mbona hukupiga kelele? Mbona huna hata jeraha? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na aulizaye hivyo hajui kwamba hofu huweza kuukaza mwili na kuufunga ulimi hata wa shujaa. Tazameni basi isemavyo sheria. Ile Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Tanzania ya mwaka 1998, impayo mbakaji mtu mzima kifungo kisichopungua miaka 30, ilitamka wazi kwamba ushahidi wa kupambana, kama vile majeraha ya mwili, si wa lazima katika kuthibitisha kuwa ridhaa haikuwapo. Na mahakama, ikiridhika kwamba manusura asema kweli, yaweza kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wake peke yake. Hakimu mwenye mamlaka ya kumfunga mtu miaka 30 hadai jeraha; kwa hoja gani basi mlezi wa bweni, mhadhiri au rafiki, ambaye hakuombwa kuhukumu bali kusaidia, analidai?

Atasema mtu: na asiye na hatia akisingiziwa je? Hofu hiyo ina mahali pake, napo ni mahakamani na mbele ya kamati ya nidhamu, ambako mtuhumiwa ana haki ya kusikilizwa kwa utulivu. Lakini kumpa mtu dawa, msindikizaji na mahali salama pa kulala hakumhukumu yeyote.

Wala wakati haungoji mabishano. Dawa za kukinga maambukizo ya virusi vya UKIMWI sharti zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa iliyookolewa ni heri, kisha zimezwe kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina muhula wa siku 5, navyo hufaa zaidi vikiwahiwa. Ni bora manusura asioge wala asifue kabla ya kuonwa na tabibu, na nguo alizovaa zitiwe katika mfuko wa karatasi, kwa maana nailoni hufungia unyevu na kuharibu ushahidi. Aliyekwisha kuoga asikate tamaa. Tiba yake na haki yake zingalipo.

Polisi wanalo Dawati la Jinsia na Watoto, vyuo navyo vimeagizwa kuwa na madawati yao, na Zanzibar viko vituo vya Mkono kwa Mkono, ambamo tabibu, polisi na mshauri hukutana chini ya paa moja ili mtu asiikariri huzuni yake mlango hadi mlango. Neema hizi hazimfai asiyezijua. Kwa hiyo mwanafunzi mpya na aelezwe njia yote katika wiki ya kwanza. Simu ya dawati ibandikwe katika kila bweni. Gari la chuo lipatikane usiku. Fomu ya polisi, PF3, ifuatwe pamoja na mtu wa chuo, isigeuzwe kizuizi cha matibabu. Katika kuhamishana mabweni, aanze kuhama mtuhumiwa. Na mtuhumiwa akiwa mhadhiri, mitihani ya aliyelalamika isahihishwe na mwingine.

Nanyi wanafunzi, mwenzenu akiwajia na habari hii, msikilizeni bila kumkatiza, mwambieni kwamba kosa si lake, mfuateni hospitalini, na siri yake msiipeleke katika makundi ya simu. Akiwa mvulana, msimcheke. Shauri la kushtaki mwachieni yeye, kwa maana kumlazimisha ni kumnyang'anya hiari mara ya pili.

Wakuu wa vyuo hupenda kupimwa kwa uzuri wa majengo na wingi wa wahitimu. Na wapimwe pia kwa swali hili: msichana wa mwaka wa kwanza, asiyemjua mtu, saa nane za usiku, je, anajua pa kwenda, na akifika atafunguliwa? Chuo kisichoweza kujibu ‘ndiyo’ kina deni la kulipa kabla ya kupokea amana nyingine.